Mia ya konda na kanga iliyokwenda upogo

Kanga niliinunua Darajani Jumamosi asubuhi, doti moja kwa shilingi 12,000. Kasoro yake niliiona siku hiyo hiyo baada ya alasiri, nilipoitandaza juu ya mkeka niikate. Kipande kimoja jina, yale maneno yaliyoandikwa, limekaa sawasawa. Cha pili limekwenda upogo, limepanda kama lililoandikwa na mtu aliyekaa ndani ya gari ya shamba, na herufi mbili za mwisho zimeingia ndani ya pindo. Ukijifunga kiunoni huoni kitu. Ukijitanda, kila aliye nyuma yako anasoma na kucheka.

Nikaikunja, nikasema haidhuru.

Nina ugomvi na neno hilo. Hapa kwetu Unguja mtu anayerejesha kitu dukani huonekana mshari. Tumelelewa kuona haya. Mama yangu akipewa chenji pungufu huondoka kimya, ukimuuliza atakwambia, "Mwache, ndo ridhiki yake." Lakini mama huyo huyo, ikifika magharibi, mtaa mzima umeshajua ni duka gani na kijana gani. Na mimi ni mtoto wa mama yangu. Jumamosi usiku nikamwambia wifi yangu. Jumapili nikalipiga picha lile jina nikalitia kwenye kundi letu la WhatsApp, tukacheka mpaka machozi. Jumatatu fundi wa cherehani akaniuliza nimeinunua kwa nani, nikamtajia. Jumatano nilipokaa kuhesabu, watu kumi na mmoja walikuwa na habari. Asiyejua alikuwa mmoja tu, mwenye duka.

Na kichekesho ni kwamba kanga yenyewe ndiyo barua yetu ya malalamiko. Wanawake wa visiwa hivi wamekuwa wakisemana kwa majina ya kanga tangu zamani: unajitanda "Hasidi hana sababu", unapita mlangoni kwa unayemkusudia, umemaliza, hukufungua mdomo. Muuza kanga ndiye humuwezi kwa njia hiyo. Yeye majina yote anayo, tena kwa korja.

Sisemi kila kitu kilalamikiwe. Mia ya konda, kwa mfano, siidai tena. Anakwambia "mia yako nakuja", ngumi imejaa sarafu, kisha ananing'inia mlangoni kuita abiria, na ukishuka gari imeshaondoka. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nikifika nyumbani nimeshaisahau, na hicho ndicho kipimo changu cha kwanza. Kero niliyoisahau kabla sijavua viatu haikuwa na haja ya maneno. Urojo uliokosa kachori, boflo la jana, muuzaji anayekuhudumia huku simu iko sikioni, vyote hivyo vinapita.

Lakini muuza mchele akinipunja gramu mia kwenye kilo, hapo sinyamazi, ingawa ukihesabu pesa ni kidogo vile vile. Konda kanisahau mimi. Mizani imempunja kila aliyesimama pale tangu asubuhi, na bibi aliye nyuma yangu mwenye pesa ya kilo moja tu atapunjwa pia. Iko sura nzima, Al-Mutaffifin, inayofunguliwa kwa "ole wao wapunjao", na tumeihifadhi tangu chuo cha Kurani, kisha tukifika sokoni tunaona haya kumwambia mtu kwamba mshale wa mizani yake hauanzii kwenye sifuri. Maziwa ya kopo yaliyopita tarehe hata siyahesabu kuwa kero ndogo. Hayo mwenye duka aambiwe hapo hapo, na akiyarudisha kwenye rafu, Wakala wa Chakula na Dawa upo.

Kilichonifundisha kuchagua maneno si kanga wala mchele. Ni sehemu moja ya kulia chakula huko kwenye fukwe za kaskazini, sitaitaja. Nilimpeleka mama siku ya Idi pili. Tulikaa, tukaitikiwa kwa kichwa, tukasubiri. Wakaja wageni wanne, wazungu, wakakaa meza ya pembeni yetu, wakaletewa kadi ya vyakula, wakaletewa madafu, wakaletewa samaki. Sisi meza yetu haijafutwa. Mama alikuwa anachezea ncha ya mtandio wake na kuniambia, "Tutoke, mwanangu, tukale nyumbani." Kila Mzanzibari aliyewahi kukaa kwenye mkahawa wa watalii anajua hali hiyo. Njaa unaivumilia. Kinachouma ni kutazamwa kama umepotea njia.

Nikainuka nikaenda kwa meneja. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, nikamuonesha kijana aliyetupita mara tano. Meneja akaomba radhi, chakula kikaja upesi, na soda mbili za bure. Nilirudi kukaa kifua mbele. Mwezi uliofuata nikapita tena pale, yule kijana hayupo. Sijui kama ni kwa sababu yangu, sikuuliza. Ila nimewaza sana tangu siku ile kwamba huenda kijana yule hakuwa na uamuzi wowote. Nani aliyemwambia meza zipi zitangulizwe? Mimi nilikwenda kwa aliyempa amri nikamshitaki aliyeitekeleza, na aliyelipa, kama yupo aliyelipa, ni mnyonge wa pale. Lile lalamiko lilistahiki kabisa. Nililitupa tu kwa mtu siye, na kwa sauti siyo.

Tarehe 15 Machi kila mwaka ni Siku ya Haki za Mtumiaji Duniani. Imetokana na ujumbe wa Rais John F. Kennedy kwa Bunge la Marekani mwaka 1962, alipotaja haki nne: usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Zile tatu mtu mwengine anaweza kukupigania, na sisi hapa tunayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na kwa maji na umeme ipo ZURA, mamlaka inayosimamia huduma hizo. Lakini hiyo ya kusikilizwa, nani atakusikiliza nawe umenyamaza dukani, umeyamwaga yote barazani?

Basi Alhamisi nikaikunja kanga yangu ndani ya mfuko nikarudi Darajani.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nilimsogelea kwenye meza yake, nikamfunulia ile pembe bila ya kuinua sauti. Akavaa miwani. Akalifuata lile jina kwa kidole mpaka lilipozama kwenye pindo, akatikisa kichwa.

"Umenunua lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi!" Akavua miwani. "Na leo Alhamisi. Ungenambia siku ile ile, ningeirejesha korja yote kwa aliyeniuzia. Sasa nimeshaifungua, nimeuza doti saba. Hao saba nitawapata wapi?"

Nikaona haya kweli, si zile haya za Jumamosi. Wale kumi na mmoja wote niliowapa habari, hakuna hata mmoja aliyeweza kuirejesha korja. Aliyeweza nilimficha siku tano kwa jina la uungwana.

Hakubishana. Alinambia nichague doti nyengine ya bei ile ile, nikachagua, tukaitandaza ncha kwa ncha juu ya meza tukaikagua pamoja, yeye na miwani yake. Ile ya upogo akaikunja vizuri, ubaya ukawa ndani, akainyanyua kuirudisha kwenye rafu.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nikasimama. Nikarudi.

"Ami, ile usiirejeshe pale."

Akanitazama kidogo. Kisha akacheka, akaiteremsha, akachana kipande cha boksi akaandika kwa kalamu nene KOSA – 5,000, akakibandika juu yake na kuiweka mbele kabisa. Mama mmoja aliyekuwa akitazama mitandio akaja akaifunua, akalisoma jina lote kwa sauti mpaka pale linapozama, akasema ya jikoni hii, na akatoa elfu tano.