Mlango wa Ngazi: Je, Mark S. Alikosea Kurudi Ndani?

Wapenzi wa tamthilia ya televisheni ya Severance bado wanabishana kuhusu dakika za mwisho za msimu wa pili, na mimi ni mmoja wao. Sehemu hiyo, "Cold Harbor", ilirushwa na Apple TV+ tarehe 21 Machi 2025. Inachukua zaidi ya saa nzima, na kwangu ndiyo bora kuliko zote tangu tamthilia hii ianze Februari 2022. Nitaeleza yote yaliyotokea, kwa hiyo ambaye hajaitazama aanze na kuitazama.

Kwa asiyeijua hadithi: kampuni ya Lumon huwapandikizia baadhi ya wafanyakazi wake chipu kwenye ubongo. Lifti ikishuka, mtu anasahau maisha yake yote ya nje. Ikipanda, anasahau kila alichokifanya kazini. Mwili mmoja unajikuta na watu wawili. Wa nje anapokea mshahara, analala, anaona jua. Wa ndani hana usingizi wala mapumziko, kwa sababu milango ya lifti ikifungwa jioni, kwake inafunguka papo hapo na ni asubuhi tena, yuko kazini. Mark Scout, aliyekuwa mwalimu wa historia, alikubali kupasuliwa ili kila siku apate saa kadhaa za kutokumbuka kifo cha mkewe, Gemma. Kumbe Gemma hakufa. Kampuni imemfungia kwenye ghorofa iliyo chini zaidi ya ile anayofanyia kazi mumewe.

Sehemu ya mwisho inafikia hapa: Mark wa ndani anamfikisha Gemma kwenye mlango wa ngazi za kutokea. Gemma anavuka. Mark akivuka naye atakuwa Mark wa nje, na yeye wa ndani huenda asiamke tena milele. Anasimama. Mwisho wa korido anatokea Helly, mfanyakazi mwenzake ambaye wanapendana. Gemma analia na kumwita kutoka upande wa pili wa mlango. Mark anamtazama, anageuka, anamfuata Helly, na wawili hao wanakimbia kurudi ndani huku taa nyekundu zikiwaka.

Wanaomlaumu wana hoja nzito, na sikubaliani na wanaoipuuza. Gemma hakumkosea mtu yeyote. Hakuiba maisha ya mtu. Ametekwa, akaingizwa chumba baada ya chumba, na kila chumba kikaumba ndani yake mtu mpya wa kuteswa: mmoja anajua kiti cha daktari wa meno tu, mwingine anajua ndege inayotikisika tu, mwingine anaandika kadi za shukrani za Krismasi mpaka mkono unamuuma. Mwanamke aliyepitia hayo anafika hatua moja kutoka kwenye uhuru, kisha mtu mwenye sura ya mumewe anampa kisogo. Hata kama sheria yoyote ingempa Mark wa ndani haki zote, hilo linabaki kuwa jambo la kikatili. Tena, Mark wa nje naye sasa ni mfungwa ndani ya mwili wake, hana sauti, hajui kinachoendelea. Alichotendewa wa ndani kwa miaka miwili ndicho anachomtendea mwenzake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Pamoja na hayo, nasimama upande wa Mark wa ndani. Sababu yangu inatoka kwenye mazungumzo yaliyotangulia, katika kibanda kilichofungwa mitambo ya Lumon, kwa hiyo akiwa ndani ya kibanda ni mtu mmoja na akitoka nje ni mwingine. Mark wa nje anajirekodi kwa kamera ndogo ya video, wa ndani anatazama, anajibu kwa kamera ile ile, kisha anatoka nje ili mwenzake asikilize. Ni mwili mmoja unaojadiliana na nafsi yake kwa zamu.

Tazameni mazungumzo yale yanavyobadilika. Mark wa nje anaanza kwa upole, anaomba radhi. Anamsifu mwenzake, anamvika kilemba cha ukoka, kisha anatoa ahadi: tutaunganishwa, kumbukumbu zako na zangu zitakuwa kitu kimoja, hutapotea. Wa ndani anatabasamu mwanzoni, mpaka anapoanza kupiga hesabu. Yeye ana miaka miwili ya korido nyeupe. Mwenzake ana maisha ya mtu mzima. Vikichanganywa, nani atabaki? Halafu linakuja kosa ambalo limenifanya nirudie onyesho hilo mara nyingi. Mark wa nje, akitaka kuonyesha kwamba anaheshimu penzi la mwenzake, anamtaja mpenzi huyo kuwa ni "Heleny".

Jina lenyewe ni Helly. Mtu anayekuomba uhatarishe uhai wako kwa ajili ya mpenzi wake hajapata hata muda wa kujua jina la mpenzi wako. Uso wa Adam Scott, anayewaigiza wote wawili, unafunga ghafla, na kuanzia hapo sauti inapanda kila kamera inapobadilishana mikono. Mark wa nje anamuona mwenzake kama chombo kilichotengenezwa ili kibebe huzuni yake, na sasa chombo hicho kitumike kumrudishia furaha.

Tulishaionja dharau hii mapema. Katika sehemu ya 4 ya msimu wa kwanza, Helly wa ndani aliomba kuacha kazi, na Helena, yaani Helly wa nje, akamjibu kwa video kwamba yeye ndiye mtu na mwenzake si mtu, kwa hiyo yeye ndiye mwenye kuamua. Mark wa nje ni mpole kuliko Helena, tena anampenda mkewe kweli. Lakini ukiondoa upole, ombi lake linasimama juu ya imani ile ile, kwamba uhai wa wa ndani uko mikononi mwa wa nje.

"Cold Harbor" yenyewe inatuonyesha kwamba njia nyingine ilikuwepo. Dylan wa ndani, mfanyakazi mwenza wa Mark na Helly, aliomba kujiuzulu, na jibu la Dylan wa nje linakuja kwa barua. Ana hasira kwa sababu mwenzake amempenda mkewe. Hata hivyo anasema anamuelewa, na anamwachia uamuzi: ukitaka kuondoka sawa, ila ningependa ubaki. Barua fupi ya mtu mwenye wivu ina heshima kuliko hotuba zote za kibandani.

Kuna watazamaji waliolipokea jambo hili kama mashindano ya wanawake wawili, Gemma dhidi ya Helly, nani anampenda zaidi. Nadhani wanaipunguza thamani tamthilia, ingawa waandishi nao wamewapa sababu kwa kumweka Helly pale mwisho wa korido. Ningetamani Mark asimame mlangoni peke yake, bila mtu wa kumvuta, tuone kama angevuka. Na kumbukeni kwamba Helly mwenyewe alishamwambia aende, kwa kuwa akiwa nje yeye ni Helena Eagan, binti wa familia inayoongoza Lumon, na hana tumaini la kutoka. Hakuja kumnyang'anya mtu mume.

Ila kuna shimo kwenye hoja yangu, nalo ni wale wanawake wa vyumbani. Gemma alipoletwa kwenye ngazi, zaidi ya watu 20 walioumbwa ndani yake walibaki nyuma, wakiwemo aliyekuwa kwa daktari wa meno na aliyekuwa na kadi. Kama wa ndani ni mtu kamili, hao nao ni watu, na hakuna aliyewauliza lolote. Sisi tuliomtetea Mark kwa machozi hatukuwataja. Mtu anaweza kusema maisha yao yalikuwa mateso matupu, kwa hiyo kuyakatisha ni kuwahurumia. Lakini hayo ndiyo maneno ambayo mtu wa nje angeweza kumwambia Mark kuhusu korido zake, na Mark angeyakataa.

Kwa hiyo sitasema kurudi kwake ni ushindi. Lumon ndiyo yenye swichi, na inaweza kuizima ghorofa nzima wakati wowote. Pamoja na hayo, wakati Mark anakimbia, Dylan yuko kwenye chumba cha kazi, na Helly ameshaiambia bendi nzima ya matarumbeta kwamba wamepewa nusu ya maisha na watu wanaodhani hawataipigania. Anarudi mahali ambapo watu wameanza kugoma, na hilo ni tofauti na kukimbilia mapenzi.

Apple imeshathibitisha msimu wa tatu. Ninachokidai kwa waandishi ni kimoja: Gemma apewe nafasi ya kusema. Msimu wote wa pili wanaume, madaktari na wakurugenzi wameamua kwa niaba yake, na hata ukombozi wake ulipangwa na kuvunjwa yeye akiwa hajui mtu aliyemshika mkono ni nani. Yeye ndiye anayejua kilichomo vyumbani mle.