Nani aandikishwe kuwa mshawishi? Tuanze na pesa

Ron Calzone hakulipwa na mtu. Alikuwa akienda Jefferson City, makao makuu ya jimbo la Missouri, Marekani, kuzungumza na wabunge kwa jina la kikundi chake kidogo, Missouri First, wala hakuwanunulia hata chai. Mwaka 2014 alishtakiwa kwa Tume ya Maadili ya jimbo kwamba anashawishi wabunge bila kujiandikisha kama mshawishi (lobbyist), yaani mtu anayewasemea wengine mbele ya wabunge ili kuathiri maamuzi yao. Na aliyemshtaki ni nani? Chama cha washawishi wa kulipwa.

Sheria ya Missouri ilimhesabu kuwa mshawishi hata mtu aliyeteuliwa tu na shirika kulisemea bungeni, apokee senti au asipokee. Kesi ilidumu hadi Novemba 2019, majaji wa Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Kanda ya 8 walipoketi wote kwa pamoja na wengi wao kuamua kwamba kumlazimisha kujiandikisha mtu asiyelipwa na asiyetumia pesa ni kuvunja uhuru wake wa kusema.

Hoja ya jimbo lakini haikuwa ya kipuuzi. Calzone hakujisemea mwenyewe, alisemea kikundi, na wananchi wana haki ya kujua ni nani anayegonga milango ya wabunge wao na kwa niaba ya nani. Leo ni mzee anayejitolea. Kesho ni "mzee anayejitolea" ambaye kikundi chake kinaishi kwa michango ya tajiri asiyejulikana. Tena ada ilikuwa dola 10 tu. Hapo ndipo mimi naachana na jimbo: uzito haukuwa kwenye ada, ulikuwa kwenye ripoti, tishio la faini na miaka mitano ya mawakili. Mwananchi wa kawaida akiyaona hayo, atakaa nyumbani.

Wakati Missouri ikimbana asiye na kitu, kwingine wanene wanapita. California humwandikisha mfanyakazi wa kampuni pale tu anapotumia angalau theluthi moja ya muda wake wa kulipwa, ndani ya mwezi mmoja, kuwasiliana moja kwa moja na maofisa. Kizingiti hicho kina sababu: bila hicho, meneja wa kiwanda anayekwenda Sacramento, makao makuu ya jimbo hilo, mara moja kwa mwaka kulalamikia kodi angeingizwa kwenye daftari. Ila anayepanga mkakati wote na kuelekeza nani apigiwe simu anabaki nje. Serikali ya shirikisho nayo ina kizingiti chake, asilimia 20 ya muda wa kazi kwa mteja, na Tom Daschle, aliyewahi kuongoza walio wengi katika Seneti, alifanya kazi kwa miaka kadhaa kama "mshauri wa sera" kabla ya kujiandikisha mwaka 2016.

Kupima kwa saa ni kumpa mwenye ujanja rula ajipimie. Afadhali kuuliza mtu analipwa afanye nini. California yenyewe imewahi kufanya hivyo. Baada ya kashfa ya rushwa katika CalPERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa California, sheria ya 2010 iliwataka mawakala wanaolipwa kuzitafutia kampuni fedha za mifuko ya pensheni ya jimbo wajiandikishe kama washawishi. Na kwa kuwa huko mshawishi haruhusiwi kulipwa kwa sharti la kufanikiwa, kamisheni zao nono za kufunga dili zikapigwa marufuku.