Lile zimwi ni la Milicent Patrick

Imezuka tena mtandaoni ile orodha ya "mabingwa waliobuni mazimwi ya Hollywood". Juu kabisa kawekwa yule kiumbe wa majini mwenye magamba, wa Creature from the Black Lagoon ya mwaka 1954, na chini yake jina moja tu: Bud Westmore. Nimechoka na uongo huu.

Aliyemchora kiumbe yule ni Milicent Patrick. Kabla ya kufika Universal, studio iliyoitengeneza filamu hiyo, alikuwa Disney, miongoni mwa wanawake wa kwanza kufanya kazi ya kuchora katuni pale. Studio yenyewe ilijua kazi ni ya nani, ndiyo maana ikampanga azunguke Marekani kuitangaza filamu, akitambulishwa kama mrembo aliyemuumba mnyama. Westmore, mkuu wa idara ya meikapu, akaja juu. Alitaka sifa zote zibaki kwake. Studio ikamtii: mrembo akawa sasa "anayeishi na" mnyama. Milicent akaenda, akaitangaza filamu, akawavutia waandishi wa habari. Aliporudi, Westmore hakumpa kazi tena. Amefariki mwaka 1998, na mashabiki wengi wamekuja kumjua vizuri kupitia kitabu cha Mallory O'Meara cha mwaka 2019. Miaka yote hiyo kinyago kinauzwa madukani, mwenyewe hatajwi!

Na kiti chenyewe alichokalia Westmore kilikuwa cha Jack Pierce, yule aliyempa mwigizaji Boris Karloff sura ya zimwi la Frankenstein mwaka 1931 kwa saa nyingi za pamba na gundi kila siku ya kazi. Pierce ndiye aliyetengeneza pia sura za mazimwi ya filamu za The Mummy na The Wolf Man. Baada ya Universal kuungana na kampuni ya filamu ya International mwaka 1946, wakamwondoa. Mtu aliyeijengea studio jina!

Haya, nakubali: desturi ya studio za wakati ule ilikuwa mkuu wa idara kuandikwa jina kwa kazi ya idara nzima. Nakubali pia kwamba vazi lile halikutoka kwenye mkono mmoja. Chris Mueller alichonga kichwa, Jack Kevan akashughulikia vazi lenyewe. Lakini desturi haimlazimishi mtu kumnyima mwenzake riziki kwa kuwa magazeti yamemsifu. Huo ulikuwa uamuzi wa Westmore, na studio ikaunyamazia.

Hata waliovaa lile vazi, Ben Chapman nchi kavu na Ricou Browning chini ya maji, majina yao hayamo kwenye filamu. Browning alikuwa akibana pumzi kwa dakika kadhaa ili tukio likamilike.

Kwa hiyo ninyi wenye kurasa za filamu, rekebisheni orodha zenu leo. Andikeni Milicent Patrick kwanza, kisha Mueller, kisha Kevan. Westmore mkimtaka, mwandikeni kama alivyokuwa: mkuu wa idara.