Samaki wa Mabatini

Asubuhi hii fundi anayeshona shela la harusi la binti yangu kanitumia ujumbe: "Baba shikamoo, ongeza mita nne za leisi, mkia umekula." Mkia umekula! Leisi yenyewe niliinunua Makoroboi, sokoni hapa Mwanza, kwa muuzaji aliyekuwa akiniita mjomba. Mtu akishakuita mjomba dukani, ujue kashakumaliza.

Mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu. Kamati nimewaachia kadi na michango yao. Kazi yangu kutoa hela na kukohoa. Ila mama watoto akasema baba lazima aende kwa fundi akaone anacholipia. Nikaenda, nimechomekea.

Binti katoa simu: picha ya bibi harusi wa ughaibuni, shela limembana toka kifuani mpaka magotini, kisha linafumuka chini.

"Huu mtindo wa samaki, baba," fundi ananielewesha.

"Samaki gani? Sato au sangara?" Maana bei hazifanani.

Wakacheka. Mimi nilikuwa nauliza.

Futi kamba ikaanza: kifua, kiuno, nyonga, goti. Goti! Eti hapo ndipo samaki anapopatikana. Ukikosea inchi moja, bibi harusi ataingia kanisani anaruka kama mtoto kwenye mashindano ya magunia. Zipu nayo haifai, afungwe kamba mgongoni, kwani karibu na harusi wengine hunenepa, wengine hukonda kwa mawazo. Kukonda kwa mawazo naona ni zamu yangu.

Kabla ya kugusa satini, akashona la kujaribia kwa kitambaa rahisi cha marekani. Binti akavaa na viatu virefu, maana urefu hupimwa na viatu. "Tembea, mwanangu." Mwanangu akasogea kidogo, akasimama, akasogea tena.

Nikauliza kwa upole: "Sisi tunakaa Mabatini, juu kule kwenye mawe. Atashukaje?"

"Kwani gari halifiki mlangoni?"

Gari! Kwetu hata mtungi wa gesi unapanda begani mwa mtu. Fundi akaleta stuli, tujaribu kupanda na kushuka. Binti kainua mguu, pale gotini pakalia *trrr*.

"Hiyo ni marekani tu, baba. Satini itavumilia."

Itavumilia! Akashauri wajomba wawili wambebe. Wajomba gani, hawa wanaojikanda mgongo kila jioni? Nikasema basi ashuke na dera, shela alivalie saluni. Wakanitazama wote wawili, na msichana wa kupiga pasi akaacha pasi. Nikasema tukodi. "Baba, la kukodi limeshavaliwa na watu." Na kanisa je, tunalizindua sisi?

Nikamuuliza jirani yangu mwalimu, nani alituletea haya mashela meupe. Kumbe aliyeyavumisha ni Malkia Victoria, aliolewa Februari 10, 1840, satini nyeupe, leisi, na mkia wa futi 18. Lakini yule alikuwa na wasichana 12 wa kuubeba! Mimi nina shangazi mwenye presha. Halafu mwaka 1858 Mwingereza mmoja, Speke, kafika hapahapa Mwanza, kalitazama ziwa la watu, kalipa jina la huyohuyo mama. Ziwa kachukua, na sasa anataka mita nne za leisi. Jamani, hivi nimemkosea nini? Nguo ya siku moja! Siku moja, halafu inakaa kwenye begi juu ya kabati, panya wazae humo kwa raha zao!

Sare ya vitenge ya kina mama sijaigusa. MC naye anataka advansi, kisa ana sauti. Suti yangu hakuna hata anayeiulizia, na ile ya zamani haifungi tumboni.

Sasa nimetoka Makoroboi na hiyo leisi, boda kataka buku mbili mpaka Mabatini, eti mlima. Kufika chini ya mawe kanishusha. Mlima wenyewe nimepanda kwa miguu, na chenji hana.