Helmeti haizuii bamba la kilo 300
Eti bamba la granaiti likimwangukia kibarua ni uzembe wake mwenyewe sababu hakuvaa helmeti na buti, jamani helmeti itazuia nini hapo? Piga hesabu, bamba la mita 3 kwa 1.8 lenye unene wa sentimita 2 linakaribia kilo 300, yakiegemezwa kumi kwenye stendi moja (fremu ya kuegemezea mabamba pande zote mbili) hizo ni karibu tani 3. Nimekaa miaka minne kwenye karakana ya mawe huku Dar, tulikuwa tunatoa mabamba upande mmoja tu wa stendi sababu ndo ulikuwa karibu na mashine, mpaka siku stendi nzima ikalala upande wa pili uliobaki na uzito, bahati watu walikuwa wameenda kula (wali maharage wa mama ntilie uliwaokoa, sitanii). Ndo bosi akachomelea nondo za kutenganisha kila bamba, kazi ya nusu siku tu, na tukakatazwa kabisa kulizuia kwa mikono likianza kulala, unakaa pembeni unaliacha livunjike. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inambana mwajiri pia, sio kibarua peke yake. Nyie wa vioo na mabati, kwenu stendi zina vizuizi au bado mnaegemeza ukutani na kumwachia Mungu?