Msiba Usio na Matanga: Kifo cha Marissa Cooper Kilivyofika Magomeni

Juzi mpwa wangu, binti wa miaka 14, alifika mwisho wa msimu wa tatu wa The O.C., tamthilia ya vijana wa Marekani ambayo mama yake aliililia alipokuwa msichana, na kabla sijatua kikombe changu cha chai alikuwa ameshabonyeza sehemu inayofuata. Dakika chache baadaye akanigeukia: "Mjomba, mbona hawakumzika?" Siku ya nne leo swali hilo halijanitoka, na ninazidi kuamini kwamba limegusa kasoro ambayo sisi tulioitazama mwaka 2006 hatukuiona, kwa kuwa wakati ule haikuwa kasoro.

Kwa asiyeifahamu, tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa nchini mwao Agosti 2003, ikimfuata Ryan Atwood, kijana wa Chino aliyepokelewa na familia tajiri ya akina Cohen huko Newport Beach, na binti wa jirani, Marissa Cooper, aliyeigizwa na Mischa Barton. Sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu, ambayo ni ya 25, ilirushwa tarehe 18 Mei 2006. Vijana wanahitimu sekondari, wanapiga picha na kukumbatiana, kisha jioni Ryan anamwendesha Marissa kuelekea uwanja wa ndege, kwani Marissa ameamua kumfuata baba yake aliye ng'ambo. Njiani Volchok, mvulana aliyewahi kuwa na uhusiano na Marissa, anawafukuza kwa gari akiwa amelewa hadi gari lao linapinduka. Ryan anamtoa na kumbeba mikononi huku moto ukiwaka nyuma yao. Anataka kukimbilia msaada. Marissa anamwomba asiondoke, na anakata roho pale pale barabarani.

Kwa ufundi, saa ile sina la kuilaumu. Ryan alimbeba Marissa tangu sehemu ya kwanza kabisa, alipotelekezwa mlangoni kwao akiwa hajitambui kwa ulevi, na watunzi walijua kwamba mtazamaji mwaminifu angeikumbuka picha ile bila kuelezwa. Wakaongeza wimbo wa Leonard Cohen, "Hallelujah", ambao katika msimu wa kwanza ulisikika kwa sauti ya Jeff Buckley na safari hii ukaimbwa na Imogen Heap, mwimbaji yule yule ambaye sauti yake ilifunga msimu wa pili pale Marissa alipompiga risasi kaka wa Ryan. Hayo yote yamepangwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake. Lakini pumzi inapokatika na tamthilia inakatika. Hatumwoni mama akipewa habari, hatuoni jeneza, hatuoni mtu akimshika mwenzake bega. Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam, aliyezoea kuona turubai likifungwa mtaani kabla jua halijazama, majamvi yakitandikwa, kina mama wakijaa ndani na daftari la rambirambi likizunguka kwenye viti vya nje, kifo cha namna hiyo kinakuwa habari iliyoachwa katikati.

Na hata hivyo, sisi tuliridhika nacho. Ulikuwa mwaka wa mgawo, maji yamepungua kwenye mabwawa na umeme ukija kwa zamu, na diski tuliyoinunua Kariakoo, yenye misimu mitatu na maandishi ya chini yasiyolingana na maneno, tuliitazama kwa vipande kadiri umeme ulivyoruhusu. Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Marissa alipokufa, umeme ulikuwepo, jambo ambalo mpaka leo tunalitaja kama muujiza. Mdogo wangu alilia hadi mama akatoka jikoni kuuliza nani amefariki, na tulipomweleza alisonya akarudi kwenye chungu chake. Msimu wa nne haukuwa umefika sokoni kwetu. Kwa wiki nyingi wasichana wa mtaani walikuwa wakija kibarazani kwetu kulijadili jambo lile: kama Ryan angesimamisha gari, kama Volchok atafungwa, kama ni haki binti aliyeteseka misimu mitatu afe siku anayoamua kujitoa katika mateso. Nikitazama nyuma naona kwamba yale ndiyo yalikuwa matanga. Watunzi hawakuyaonyesha, tukayakaa wenyewe.

Wamarekani nao walisubiri kuanzia Mei hadi tarehe 2 Novemba, na msimu mpya ulipofunguliwa, hadithi ilikuwa imeruka miezi kadhaa baada ya ajali. Mrukao huo ulilingana na subira ya watazamaji. Mpwa wangu, ambaye misimu yote minne amejaziwa kwenye fleshi moja, aliuvuka kwa sekunde tano. Ndiyo maana aliona kaburi halipo.

Wapo wanaosema kifo kile kilikuwa mbinu tu ya kuwarudisha watazamaji waliokuwa wakipungua, na sitabishana nao sana, maana mbinu yenyewe haikufaa: msimu wa nne ulikuwa na sehemu 16 tu, na tarehe 22 Februari 2007 tamthilia ikazimwa moja kwa moja. Ninachowapinga ni dai kwamba machozi yale yalikuwa ya bure. Sehemu ya mwisho ya msimu hutungwa na watu wawili, mwandishi na muda, na sisi tunaomeza misimu kama karanga tumemfukuza huyo wa pili, kisha tunalalamika kwamba hadithi haina uzito.

Nilimweleza hayo mama mtu, naye bila kusema neno akaichomoa fleshi kwenye runinga na kuitia mkobani. Mpwa wangu amekubali kusubiri hadi Jumamosi. Simu yake, kwa tahadhari, anayo mama yake.