Doa la Nguo ya Kale Lipimwe kwa Madhara Yake, Si kwa Sura Yake

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu madoa hupangwa kwa jina la doa: damu hivi, wino vile, kutu namna hii, mafuta namna ile. Mpangilio huo unafaa kwa shati la juzi, ambalo likiharibika hununuliwa jingine, lakini kwa gauni la hariri lililoshonwa miaka tisini iliyopita, au lesi iliyofumwa kwa mkono na mtu ambaye hayupo tena, naona umekaa kinyume. Kinachopaswa kujulikana kwanza ni uzi wenyewe na hali uliyofikia. Cha pili ni kama doa hilo bado linaula uzi huo au limekwisha kutulia. Maswali hayo mawili yakijibiwa, mara nyingi hubainika kwamba kazi inayotakiwa ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na pengine hakuna kazi kabisa.

Sufu na hariri hutokana na wanyama, na nyuzi zake ni protini kama zilivyo nywele zetu. Pamba na kitani hutokana na mimea, na nyuzi zake ni selulosi. Hapo ndipo mambo yote yanapogawanyika. Jiki na blichi nyingine za klorini huidhoofisha pamba polepole, lakini hariri na sufu huzigeuza manjano na, zikiachwa humo, huziyeyusha. Sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kusaga protini, ambazo husifiwa kwa kuondoa damu na jasho, hazina namna ya kutofautisha protini ya damu na protini ya hariri iliyolowa damu hiyo. Asidi nazo, ambazo sufu huzivumilia kwa kiasi, hukatakata selulosi ya pamba na kitani hata kitambaa kikaanza kupasuka kwa kuguswa tu.

Asiyejua kitambaa chake ni cha aina gani anaweza kuchomoa uzi mfupi kutoka ndani ya mshono, mahali pasipoonekana, akaushika kwa kibanio na kuuchoma mbali na nguo yenyewe. Pamba na kitani huwaka upesi na kunuka karatasi iliyoungua. Sufu na hariri husinyaa, hunuka nywele zilizoungua, na kuacha jivu jeusi linalopondeka kwa vidole. Iwapo uzi wa hariri utaungua ukabaki umesimama vilevile, kama kiunzi chembamba cha majivu kilichohifadhi umbo lake, basi muhusika aweke kila kitu chini. Hiyo ni hariri iliyotiwa uzito. Hariri mbichi ikiondolewa gundi yake ya asili hupoteza takriban robo ya uzito, na kwa kuwa iliuzwa kwa uzito, watengenezaji wa karne ya 19 na wa mwanzo wa karne ya 20 walifidia hasara hiyo, na kuzidisha, kwa kuichovya katika chumvi za metali, hasa za bati. Nguo ilikuwa nzito na ikitoa mvumo mzuri mvaaji akitembea, lakini metali hizo ndizo zinazoikausha na kuichana kwenye mikunjo hata ikiwa imelala kabatini bila kuguswa. Maji huimalizia kabisa. Kwa hariri ya namna hiyo sijui doa lolote ambalo ningelihangaikia.

Rayoni, ambayo wengi huidhania kuwa hariri, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ikilowa na kuzirudisha ikikauka, kwa hiyo hatari yake iko katika dakika zile inapokuwa majini. Asetati, uzi mwingine wa viwandani unaofanana na hariri, huyeyuka kwenye asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha; anayetaka kuondoa rangi ya kucha iliyomwagikia kitambaa hicho atabaki na tundu.

Rangi ya kitambaa nayo ina hukumu yake. Tangu mkemia William Perkin alipogundua rangi ya zambarau ya kemikali mwaka 1856, tarizi moja inaweza kuwa na nyuzi za rangi za mimea na nyingine za rangi za viwandani, kila moja ikiwa na tabia yake. Kwa hiyo haitoshi kujaribu pindo. Kila rangi iwekewe tone la maji mahali pa siri, igandamizwe kwa pamba nyeupe kwa dakika kadhaa, kisha pamba itazamwe kwenye mwanga wa mchana. Baadaye jaribio lirudiwe kwa maji yenye sabuni, kwa sababu rangi iliyostahimili maji matupu inaweza kuchuja mara tu sabuni inapoingia. Vipambo pia visisahaulike: vile vibati vinavyometameta kwenye baadhi ya nguo za miaka ya 1920 na 1930 vilitengenezwa kwa jelatini, na katika maji ya uvuguvugu hulainika, vikapoteza umbo na kunata.

Doa lenyewe nalo huzeeka. Kinywaji chenye sukari kilichomwagika na kukauka bila kuacha alama yoyote hubaki ndani ya nyuzi, na baada ya miaka mingi huibuka kama baka la hudhurungi ambalo mwenye nguo hawezi kukumbuka lilitoka wapi. Mafuta hubadilika na kushikana na kitambaa mpaka yasiyeyuke tena kwa kile ambacho kingeyayeyusha siku ile ya kwanza. Ndiyo maana siwaamini wanaoahidi kwamba doa la miaka hamsini litatoweka kabisa. Kufifia ndiyo matokeo ya haki, na mwenye kulazimisha zaidi ya hapo huanza kukiondoa kitambaa pamoja na doa.

Kwa pamba na kitani nyeupe zilizogeuka manjano kwa uzee, maji peke yake hufanya kazi ambayo watu hawaitarajii. Sehemu ya umanjano huo ni mabaki ya selulosi iliyochakaa, mengi yakiwa na asidi, na mengine huyeyuka majini. Kitambaa kilicho imara kikilazwa bapa juu ya wavu wa nailoni ndani ya beseni pana la maji yaliyotoneshwa (yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha kurudishwa kuwa maji, ili yasibaki na madini), baada ya saa moja hivi maji huanza kuwa na rangi ya majani makavu. Yakibadilishwa, ya pili hutoka mepesi kidogo, na huendelea hivyo mpaka yatoke meupe. Wavu ni wa lazima, kwa sababu kitambaa kilicholowa ni kizito na nyuzi dhaifu haziwezi kubeba uzito huo: kinachoinuliwa ni wavu, kitambaa kikiwa kimelala juu yake, kisha kinahamishiwa kwenye taulo jeupe bila kukamuliwa. Sabuni, ikihitajika, iwe ya maji, isiyo na ukali wala viongeza weupe, kwa kuwa viongeza weupe hivyo huacha ung'avu wa samawati unaoipoteza rangi ya asili ya malai ambayo ndiyo uzuri wa kitambaa cha zamani.

Kosa linalonisikitisha zaidi, na nadhani ndilo la kawaida kuliko yote, ni kusugua sehemu ya doa peke yake kwa kitambaa chenye maji. Maji hayo husafiri nje ya doa, yakibeba uchafu uliotapakaa kitambaa kizima bila kuonekana, na pale yanapokaukia huutua wote kwenye ukingo mmoja. Doa lililokuwa dogo na hafifu sasa limezungukwa na mstari wa hudhurungi mkali kuliko lenyewe. Kitambaa kinachoweza kufuliwa kifuliwe chote, na kisichoweza kiachwe kikavu.

Mapishi ya jikoni yanayosifiwa kwa kuwa ni ya asili nayo yana hesabu ya kujibu. Siki ikichanganywa na soda ya kuokea huchemka na kufoka povu la kupendeza, kisha kila kimoja hubatilisha kazi ya mwenzake na kuacha maji ya chumvi. Siki ikichanganywa na jiki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Ndimu na chumvi juani huweza kufifisha kutu kidogo, lakini asidi inayobaki ndani ya pamba huendelea kuikata nguo ikiwa imekwisha kukunjwa na kusahauliwa. Jiki haiondoi kutu hata kidogo. Hata haidrojeni peroksidi, ambayo kwa pamba nyeupe ni ya upole kuliko klorini, ikikutana na chembe za chuma huvunjika kwa kasi mno na kutoboa kitambaa hapohapo penye doa. Kutu ya kweli hutaka asidi ya oksaliki, ambayo nayo ni sumu, na hapo mimi ningempelekea fundi wa uhifadhi wa nguo.

Kutu, ukungu, jasho na mabaki ya vyakula ni madoa yaliyo macho: chuma huharakisha kuoza kwa nyuzi, ukungu hula na kuenea, jasho huacha chumvi na asidi, na chakula huwaita wadudu. Hayo yana sababu ya kushughulikiwa kadiri uzi unavyoruhusu. Wino usio na chuma ndani yake, baka la rangi lililokauka, au kivuli hafifu kilichobaki baada ya kuloweka, haviendelei kudhuru kwa kiasi cha kuhalalisha kemikali. Wapo pia wanaoyahifadhi madoa kwa makusudi. Koti alilovaa Admirali Horatio Nelson wa Uingereza kwenye vita vya Trafalgar mwaka 1805 liko katika jumba la makumbusho huko Greenwich likiwa na tundu la risasi begani na madoa ya damu, na suti ya waridi aliyovaa Jacqueline Kennedy siku mumewe, Rais John F. Kennedy, alipouawa Dallas mwaka 1963 inatunzwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani bila kufuliwa. Nguo zetu hazina historia hiyo, lakini alama ya wino kwenye mkono wa blauzi huenda ndicho kitu pekee kinachoonyesha kwamba aliyeivaa alikuwa mtu wa kuandika.

Iwapo doa lililotulia liko mahali pa kuonekana na nguo inataka kuvaliwa, nachagua sindano kuliko chupa. Kipande cha lesi au cha kitambaa kinachofanana kishikizwe juu yake kwa mishono michache, sindano nyembamba ikipita katikati ya nyuzi badala ya kuzitoboa, na uzi wa kushonea uwe dhaifu kuliko kitambaa chenyewe, ili likija vuto la ghafla ukatike uzi mpya na ule wa kale ubaki mzima.